Zamu za gari la wagonjwa: namna ya kupanga watu ili mzigo usimlemee mmoja

Chukua rosta ya mwezi uliopita uiweke kando ya daftari la safari za gari la wagonjwa. Kwenye rosta wote wako sawa: zamu 15 huyu, zamu 15 yule. Kwenye daftari usishangae kukuta mmoja amekaa na wagonjwa saa 70 na mwenzake saa 35. Aliyechoka hakupewa zamu nyingi. Alipewa gari linaloegesha karibu na stendi, akaangukiwa na usiku wa Ijumaa mara tatu, na dereva wake hana mafunzo ya kumgusa mgonjwa. Rosta inayogawa zamu haioni hata kimoja kati ya hivyo. Kinachotakiwa kugawanywa ni saa halisi za kazi.

Hesabu za humu zinafaa huduma yenye magari 3 hadi 8, iwe ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa au kampuni binafsi. Upande wa sheria tumetumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004. Mtumishi wa umma aisome pamoja na kanuni za utumishi wake. Aliyeko Kenya au Uganda abadilishe viwango vya saa na likizo, mengine yanabaki. Paramediki tunayemtaja ni yule mwenye mafunzo ya juu ya dharura, anayeweza kulinda njia ya hewa, kusoma mapigo ya moyo kwenye mashine na kutoa dawa kwa mshipa. Vituo vingi kazi hiyo anaifanya muuguzi au tabibu aliyepitia kozi, na hesabu yake ni ileile.

Nyakati nane za kila safari

Kila safari iandikwe nyakati nane: simu imepokelewa, timu imepewa kazi, gari limeondoka, limefika kwa mgonjwa, limeondoka na mgonjwa, limefika hospitali, mgonjwa amekabidhiwa, gari liko tayari tena. Madaftari mengi yana tatu tu: kuondoka, kufika, kurudi. Ukiwa na hizo tatu, unapoteza mambo mawili yanayokula muda kimyakimya: kungoja kitanda pale mapokezi ya dharura, na kuosha gari baada ya damu au matapishi.

Daftari liandikwe kwa mtindo wa saa 24, bila ubishi. Timu imeondoka 18:20, ikafika "saa moja", karani akaandika 1:00. Safari ya dakika 40 sasa inasomeka saa 6 na dakika 40, na safari tano za namna hiyo zinatosha kuharibu wastani wa mwezi mzima. Humu tunataja saa kama zinavyotajwa kituoni, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, lakini kwenye daftari ni 07:00 na 19:00.

Kama hakuna mfumo wa kompyuta, kundi la WhatsApp la kituo linatosha kuanzia. Timu inatuma neno moja kila hatua: tumetoka, tumefika, tumebeba, hospitali, tumekabidhi, tayari. Tatizo ni mtandao: gari likitoka vijijini, ujumbe wote huingia kwa mkupuo likikaribia mjini. Ukiona ujumbe mitatu imefuatana ndani ya dakika moja, iulize timu kabla ya kuzitumia nyakati hizo.

Kusanya wiki 8 angalau, 12 zikiwezekana. Wiki za masika zihesabiwe peke yake, na wiki ya Krismasi na ya Idd zisichanganywe na za kawaida.

Mzigo ni safari kwa saa mara muda wa safari

Tuchukue kituo cha mfano. Safari ya kawaida ina dakika 2 za kuondoka, 13 za njiani, 20 kwa mgonjwa, 18 za kwenda hospitali, 25 za kukabidhi, 12 za kusafisha na kujaza vifaa. Jumla dakika 90, yaani saa 1.5. Simu zinaingia hivi:

Saa 6 usiku hadi saa 1 asubuhi: safari 0.25 kwa saa, mzigo 0.375.
Saa 1 hadi saa 4 asubuhi: safari 0.6 kwa saa, mzigo 0.9.
Saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku: safari 0.8 kwa saa, mzigo 1.2.
Saa 2 hadi saa 6 usiku: safari 0.5 kwa saa, mzigo 0.75.

Mzigo wa 1.2 maana yake ni kwamba kwa wastani gari moja na ushee liko kazini muda wote huo. Mkubwa wa fedha akiona namba hii atasema basi magari mawili yanatosha. Hayatoshi, kwa sababu simu haziji kwa foleni ya adabu. Zinaweza kupita saa mbili kimya, kisha zikaingia tatu ndani ya dakika kumi.

Hesabu ya jambo hili ilishafanywa mwaka 1917 na Agner Krarup Erlang wa Denmark, kwa ajili ya mitambo ya simu, na inawezekana kuifanya kwa kikokotoo cha simu ya mkononi. Anza na jibu 1. Kwa gari la kwanza, zidisha mzigo kwa jibu lililotangulia, kisha gawanya matokeo kwa (1 + matokeo hayo). Kwa gari la pili rudia, lakini ugawanye kwa (2 + matokeo). La tatu kwa (3 + matokeo), na kuendelea. Kwa mzigo wa 1.2:

Gari 1: 1.2 ÷ 2.2 = 0.545
Gari 2: 0.655 ÷ 2.655 = 0.247
Gari 3: 0.296 ÷ 3.296 = 0.090
Gari 4: 0.108 ÷ 4.108 = 0.026

Jibu la mwisho ni sehemu ya simu zitakazokuta magari yote yako nje. Ukiwa na magari mawili, simu moja kati ya nne inamkuta mgonjwa hana gari. Ukiwa na matatu, ni asilimia 9. Kanuni inachukulia kwamba simu iliyokosa gari imepotea. Kwetu sisi inasubiri na kuisukuma inayofuata, kwa hiyo hali halisi huwa mbaya kidogo kuliko jibu. Lenga chini ya asilimia 10 kila saa ya siku, na chini ya 5 ukiweza.

Saa zilezile 68, rosta mbili tofauti

Kituo chetu kina bajeti ya saa 68 za gari kwa siku: magari A na B saa 24, na C na D saa 10 kila moja. Mpangaji wa haraka ataanzisha C na D pamoja saa 1 asubuhi, yatoke saa 11 jioni wakati ofisi inafungwa. Sasa angalia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku: mzigo bado ni 1.2, magari ni mawili, kila gari liko kazini asilimia 60 ya muda, na robo ya simu hazina gari. Ndio muda wa bodaboda, wa giza linaloingia, wa watoto waliougua tangu mchana na mzazi karudi kazini sasa hivi. Waliomo kwenye A na B wakati huo ndio wale utakaowasikia wanaomba uhamisho.

Hamisha D tu. C ibaki saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. D ianze saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Kwa mishahara ileile, sasa una magari mawili usiku wa manane (simu zinazokosa gari kama asilimia 5), matatu asubuhi (5), matatu tena kuanzia saa 4 hadi saa 8 mchana (9), manne hadi saa 11 jioni (chini ya 3), matatu hadi saa 2 usiku (9), na matatu hadi saa 6 usiku (3 na kitu). Hakuna saa inayovuka asilimia 10, na hakuna timu inayokwenda juu ya asilimia 40 ya muda wake.

Jambo lingine dogo lenye faida kubwa: usibadilishe zamu za magari yote saa moja. A ibadilishe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, B saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Yakibadilisha pamoja, simu ya dakika kumi kabla ya kubadilishana haina mwenyewe: anayetoka anavuta muda, anayeingia bado anakagua. Ukaguzi wenyewe unahitaji dakika 15, watu wote wawili wakiwepo: geji ya mtungi wa oksijeni, mashine ya kufyonza ikiwashwa kweli na si kutazamwa tu, betri ya mashine ya kushtua moyo, vipimo vya sukari, mikanda ya machela, taa, ving'ora, mafuta. Dakika hizo 15 zilipwe. Zisipolipwa hazifanyiki, na upungufu unagunduliwa mbele ya mgonjwa.

Asilimia ya muda ambao timu iko kazini ndiyo kipimo cha kufuatilia. Kwa zamu za saa 12, kati ya 30 na 40 ni kazi ya kutosha yenye nafasi ya kula, kuandika na kujaza vifaa. Ikishavuka 50 kwa wiki kadhaa mfululizo, vitu vitaanza kuanguka kwa mpangilio unaotabirika: kwanza fomu za wagonjwa, kisha usafi wa gari, kisha chakula, kisha adabu kwa ndugu wa mgonjwa.

Watu wangapi

Kosa la kawaida ni hili: magari manne, basi wahudumu wanane. Hesabu sahihi inaanzia kwenye saa. Saa 68 kwa siku mara siku 365 ni saa 24,820 kwa mwaka, kwa kila kiti. Ukiwa na muuguzi na dereva kila gari, unazihesabu mara mbili, kila kada peke yake.

Sasa mtu mmoja anatoa saa ngapi? Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani 2,340 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28 (saa 180), ugonjwa tuseme saa 70, mafunzo 50, uzazi na ruhusa nyinginezo zilizogawanywa kwa watu wote 36. Zinabaki 2,004, na 24,820 ukizigawanya kwa hizo unapata 12.4: watu 13.

Lakini ngoja. Rosta ya mchana mbili, usiku mbili, ofu nne inatoa zamu 4 za saa 12 kila siku 8, ambayo ni saa 42 kwa wiki na si 45. Kwa 42, mwaka una saa 2,184. Ukitoa likizo (168) na vile vingine, zinabaki 1,860. Jibu sasa ni 13.3, yaani watu 14. Anayekokotoa kwa 45 na kupanga kwa 42 amejinyima mtu mmoja bila kujua, na pengo lake litazibwa kwa muda wa ziada wa wenzake mwaka mzima.

Likizo pekee yake inatisha ukiiandika: watu 14 mara siku 28 ni siku 392, na mwaka una 365. Siku zote kuna mtu likizoni, na siku nyingine wapo wawili. Kwa hiyo watu wa akiba wawili si anasa ya kukatwa kwenye bajeti.

Mpango wa watu 14 unakaa vizuri hivi: nane kwenye A na B, wanne kwenye C na D, wawili akiba. Kila mmoja azunguke wiki 8 kwenye A na B, wiki 4 kwenye C na D, wiki 2 akiba, jumla wiki 14, kisha aanze upya. Mzunguko huu peke yake unaondoa sehemu kubwa ya malalamiko ya "mimi ndiye wa usiku kila siku".

Zamu ya saa 12 bila malipo ya ziada inataka makubaliano ya maandishi, na saa hizo 12 ni pamoja na mapumziko. Mapumziko ya saa 1 baada ya saa 5 za kazi yapo kisheria. Mfanyakazi akitakiwa kuwa tayari wakati huo, alipwe. Kwenye gari la wagonjwa karibu kila mapumziko ni ya namna hiyo, kwa hiyo yahesabu kama kazi tangu mwanzo. Muda wa ziada hauvuki saa 50 kwa wiki 4, na kati ya zamu na zamu kuwe na saa 12 za kupumzika mfululizo. Mjamzito hapangwi wala haruhusiwi kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Sisi tungemtoa kwenye machela mapema zaidi, akae dawati la simu.

Nani anakaa nyuma

Gari lenye wahudumu wawili wa ngazi moja lina dawa rahisi: mmoja anaendesha, mwingine anakaa na mgonjwa, safari inayofuata wanabadilishana. Kwa vituo vyetu vingi, dereva ni dereva tu. Hapo muuguzi anachukua asilimia 100 ya wagonjwa na asilimia 100 ya karatasi, huku dereva anachoka kwa namna yake. Kumpeleka dereva kozi ya huduma ya kwanza, kunyanyua kwa usahihi, kukandamiza kifua na kuzuia damu hakumfanyi awe muuguzi, ila kunampunguzia muuguzi nusu ya shughuli ya pale chini kabla gari halijaondoka.

Moyo uliosimama unataka mikono zaidi ya miwili. Anayekandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, anatakiwa kupokewa kila baada ya dakika 2, maana nguvu inapungua hata kama mwenyewe haoni. Timu ya watu wawili, mmoja akiwa na jukumu la njia ya hewa, haina wa kumpokea. Kanuni ya kituo iwe: simu ya "hapumui" inatumiwa magari mawili, au gari moja na mtu wa akiba kwa pikipiki.

Sasa paramediki wachache. Tuseme kati ya 14 wako 5 wa ngazi ya juu. Vishawishi ni viwili, vyote vibaya. Cha kwanza ni kuwarundika kwenye gari moja "la nguvu": gari hilo litaitwa kila mahali, na waliobaki watasahau hata kile walichofundishwa. Cha pili ni kutuma paramediki kwa kila simu ili kujihami. Matokeo yake anamsindikiza aliyeteguka kifundo wakati mwenye pumu anasubiri upande wa pili wa mji. Watawanye ili kila saa ya siku yenye mzigo mkubwa iwe na angalau mmoja barabarani, na mpokea simu awe na orodha fupi ya kumwita: hapumui au anapumua kwa shida sana, hana fahamu, degedege linaloendelea, maumivu ya kifua kwa mtu mzima, kutokwa damu kusikozuilika, ajali yenye mtu aliyenaswa, kujifungua kwenye matatizo. Nje ya hapo gari la kawaida linatosha, na timu yake ikihitaji inaomba msaada.

Si kila safari inahitaji gari la wagonjwa, pia. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, kwa simu 115 isiyo na malipo, unasafirisha wajawazito, waliojifungua na vichanga kwa magari ya wagonjwa, na pale yasipokuwepo huwaita madereva jamii waliosajiliwa. Huduma ya mji inaweza kuiga wazo hilo kwa wagonjwa wanaoweza kukaa: anayerudi nyumbani baada ya kuruhusiwa, au anayepelekwa kupigwa picha hospitali ya pili. Toa safari hizo kwenye magari ya dharura uone asilimia zinavyoshuka.

Anayegawa simu ndiye anayegawa mzigo

Kanuni ya gari lililo karibu ni sahihi kwa simu nyekundu, yaani ya mtu aliye hatarini kufa, na haki haina nafasi hapo. Lililo karibu liende. Lakini simu za njano na kijani, zile zinazoweza kusubiri, ukizigawa kwa kanuni ileile, timu inayokaa karibu na soko au barabara kuu itabeba mji mzima. Zigawe kwa timu iliyofanya kazi saa chache zaidi tangu zamu ianze. Mpokea simu anahitaji ubao mmoja tu mbele yake: jina la gari, dakika za kazi tangu kuanza, wakati wa mwisho kula. Gari lililozidi saa 3 bila kusimama lipewe dakika 20 za kutoitwa isipokuwa kwa nyekundu.

Mahali pa kuegesha pazunguke kila wiki. Hata katikati ya zamu inawezekana: timu ya stendi na timu ya hospitali zibadilishane saa 6 mchana.

Rufaa ndefu

Hapa ndipo urafiki hufa. Rufaa ya Tunduru kwenda Songea ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Ukijumlisha makabidhiano na kurudi, gari na watu wake wameondoka siku nzima. Anayekwenda anapata posho, anayebaki anapata simu zote. Usipokuwa na utaratibu, wapo watakaozigombea na wapo watakaozikwepa, na kila upande una sababu yake.

Tengeneza orodha ya rufaa, ibandikwe ukutani. Aliye juu ndiye anayekwenda, kisha anashuka chini. Akikataa bila cheti cha daktari, anashuka chini vilevile. Safari inayozidi saa 4 kwenda iwe na madereva wawili. Gari likitoka, mtu wa akiba na gari la akiba viingie kwa saa hizo. Kama gari la akiba halipo, iandikwe kwenye ubao kwamba mji umebaki na pungufu, ili aliyetoa idhini ajue alichoidhinisha. Rufaa zisizo za haraka ziondoke saa 11 alfajiri. Zikiondoka saa 9 mchana, usiku wote unakuwa wa barabarani.

Saa 12 za kupumzika zihesabiwe kuanzia gari liliporudi, si kuanzia zamu ilipotakiwa kwisha. Aliyerudi saa 5:30 usiku haingii tena kabla ya saa 5:30 asubuhi, hata kama rosta inasema saa 12 asubuhi.

Machela iliyozuiwa hospitali

Katika mfano wetu dakika 25 za kukabidhi ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Mgonjwa bado yuko kwenye machela ya gari kwa sababu kitanda hakuna, na muuguzi wa gari amesimama naye ukumbini. Zikifika 45, safari inakuwa dakika 110, mzigo wa mchana unapanda kutoka 1.2 hadi karibu 1.5, na rosta uliyoipanga kwa ustadi imeshapitwa. Kabla ya kuomba gari la tano, nunua machela mbili za ziada zikae mapokezi ya hospitali inayopokea wagonjwa wenu wengi, muwe mnabadilishana. Zikikutana timu mbili ukumbini na wagonjwa wametulia, timu moja ibaki na wote wawili, nyingine iondoke. Na dakika za kungoja zipelekwe kwa mkuu wa idara kila wiki, zikiwa namba, bila maneno makali.

Usiku

Mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu, na mwili huwa chini kabisa kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri. Mwongozo wa Marekani wa 2018 kuhusu uchovu wa wahudumu wa dharura unataka zamu zisifike saa 24, watu waruhusiwe kulala kidogo wakiwa zamu, na kahawa iwepo. Chumba chenye kitanda na neti, usingizi wa dakika 20 hadi 30 kwa kupokezana, kisha dakika 15 za kuamka kabla ya kushika usukani ikiwa si nyekundu. Mkuu wa kituo anayekataza usingizi usiku anadhani ananunua kazi. Anachopata ni dereva anayesinzia darajani.

Kupeana zamu kuruhusiwe, kwa daftari: majina mawili, sahihi mbili, na msimamizi aangalie zile saa 12 kabla hajasaini. Mtego wake ni mtu kukusanya zamu tano mfululizo ili aende kwao, anarudi amechoka kuliko alivyoondoka. Sikukuu zipangwe mapema kwa kubadilishana Krismasi na Pasaka kwa Idd, lakini kwa kuwa Idd inangoja mwezi, weka akiba kwa siku zote mbili zinazowezekana. Ramadhani, timu yenye wafungaji isiwekwe kwenye zamu ya kubadilisha wakati wa futari.

Kuangalia kila wiki 4

Kwa kila mtu, jumlisha saa za kazi halisi ugawanye kwa saa za zamu zake. Tafuta wastani wa kituo. Aliyezidi wastani huo kwa zaidi ya moja ya tano ahamishiwe gari au muda mwepesi zaidi mwezi unaofuata, na aliye chini kwa kiasi hicho achukue nafasi yake. Pembeni mwa saa, weka alama: 1 kwa kila safari iliyoanza kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, 2 kwa kila ufufuaji, uzazi ndani ya gari au kifo cha mtoto. Viwango hivi ni vya kukubaliana kituoni, wala si sayansi. Ila mtu aliyefikisha alama 10 wakati wenzake wana 3 asiingizwe zamu ya pili ya usiku kabla msimamizi hajakaa naye chini wakazungumza.

Namba hizi zibandikwe kwa herufi za magari na si kwa majina ya watu. Zikibandikwa kwa majina, baada ya mwezi mmoja utaona nyakati za "tayari" zinaanza kuchelewa dakika tano, kisha kumi, kwa kila safari.